Likizo ya vuli Kasigau: kazi za mikono ambazo hazitamaliza salio lako

Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na Januari haiko mbali. Kwa mzazi wa Kasigau, Novemba na Desemba huleta mambo matatu yanayogombania simu moja: mvua ya vuli inayotaka mbegu, sikukuu inayotaka nguo mpya na soda, na karo ya muhula wa kwanza. Katikati ya hayo kuna watoto ambao kufikia saa nne asubuhi wameshasema hawana la kufanya.

Makala haya ni ya mzazi huyo, na ya shangazi, mjomba na nyanya wanaoachiwa watoto likizo nzima. Tumechagua kazi chache za mikono zinazotumia vitu vilivyoko nyumbani au dukani kwa bei ndogo. Na kwa kuwa sisi ni watu wa malipo ya simu, tutazungumza pesa pia: zinavyotoka kidogo kidogo bila wewe kuhisi, na zinavyoweza kuingia kazi ikipata mnunuzi.

Tuseme wazi msimamo wetu kabla ya lolote. Usinunue kifaa chochote kabla hujaangalia uani kwako. Mapambo ya plastiki yanayouzwa mjini kila Desemba huwa yamekatika kabla shule hazijafunguliwa, na yote hununuliwa kwa hamsini hapa, mia pale. Hebu fungua taarifa ya miamala yako ya Desemba iliyopita. Wengi wakifanya hivyo hukuta kuwa si kitu kimoja kikubwa kilichomaliza pesa. Ni vidogo ishirini.

Mkonge ulio kwenye ua

Anayesafiri barabara ya Mombasa akifika Maungu huuona Mlima Kasigau umesimama peke yake upande wa kusini, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mara nyingi kilele kikiwa kimefunikwa na wingu. Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe zimeuzunguka. Chini ya mlima ni nyika kavu kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, nchi ambayo mahindi hukauka mara kwa mara lakini mkonge haukauki.

Mmea huu si wa huku. Ulitoka Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanga mwaka 1893. Leo shamba la mkonge la Mwatate ni mojawapo ya makubwa zaidi barani Afrika, na Voi nako kuna shamba lake. Lakini kusuka ni kwa zamani kuliko mkonge. Kabla haujafika, wasukaji wa nyika hii na ya jirani zao Wakamba walitumia nyuzi zilizotolewa kwenye gamba la mbuyu. Katani ilipopatikana waliichukua kwa sababu ni rahisi kuitoa na inashika rangi vizuri, na mkono ukaendelea na mchezo wake uleule.

Vikapu vya Kasigau siku hizi vinauzwa mbali. Shirika la Hadithi, lililo kwenye ukanda huu, husaidia vikundi vya wanawake kupata wateja ng'ambo. Hata hapa nyumbani, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kikapu kilichokuwa kimewekwa kando kikarudi sokoni. Kwa hivyo mtoto anayejifunza kusuka likizo hii hajifunzi mchezo tu. Anajifunza kazi ambayo pengine ndiyo iliyomlipia daftari.

Usimwanzishe na kikapu, lakini. Kikapu kizima huchukua siku nyingi hata kwa mkono uliozoea, na mtoto wa miaka tisa atakata tamaa siku ya pili. Mwanzishe na kijamvi cha kuwekea kikombe.

Kata jani la mkonge lililokomaa, lile la chini, na uondoe mwiba wa kwenye ncha mara moja kabla mtoto hajalishika. Lipasue vipande vyembamba. Kila kipande kikwangue juu ya ubao kwa panga butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi zibaki. Hii ni kazi ya mtu mzima, kwa sababu utomvu wa mkonge unawasha vibaya sana, hasa kwenye mikono laini na machoni. Osha nyuzi kwa maji, uzianike, na zikikauka umpe mtoto azisokote pajani kuwa uzi. Kama hamna mkonge karibu, kamba ya katani ya dukani inatosha, na kipimo kidogo kinafanya vijamvi kadhaa.

Kata nyuzi nane nene, kila moja kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Laza nne kwa mbili zao, yaani nne zikilala na nne zikipita juu yake kama msalaba. Chukua uzi mwembamba mrefu, ukunje katikati, na uanze kuzunguka: upande mmoja upite mbele, mwingine nyuma, kisha vibadilishane kabla ya kuendelea. Mizunguko minne ya kwanza chukua zile zilizosimama mbilimbili. Wa tano zitenganishe moja moja. Ikibaki nafasi kubwa katikati, ongeza uzi mwingine uliokunjwa kwenye pengo. Kijamvi kikifika upana wa kiganja, rudisha kila ncha ndani ya msuko kwa sindano kubwa na ukate inayobaki. Hivi ndivyo kitako cha kikapu kinavyoanza. Mtoto akimaliza vijamvi sita ameshajua nusu ya kazi bila kuambiwa kwamba anafundishwa.

Rangi iliyo jikoni

Pakiti za rangi ni nafuu, lakini kabla ya kununua jaribu sufuria. Maganda ya vitunguu maji yakichemshwa hutoa manjano inayoelekea kahawia. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika hutoa kahawia. Mbegu za mrangi, mmea unaolimwa sana Kwale, hutoa rangi ya machungwa iliyoiva, na ndizo nyingine zinazoingia kwenye vyakula viwandani. Chemsha maganda yako kwa nusu saa, chuja, ongeza kipande kidogo cha shabu kilichosagwa ili rangi ishike, kisha uchemshe katani ndani yake kwa moto mdogo. Acha ilale humo usiku kucha.

Sufuria ya rangi iwe ya rangi tu, isirudi kwenye ugali. Na usitarajie rangi ileile mara mbili. Ikitoka tofauti, ndiyo hiyo hiyo. Wanunuzi wengine wanaipenda kwa sababu haifanani na ya jirani.

Hapa kuna jambo ambalo hatutalipita haraka. Watoto wakisikia gamba, mizizi na matunda, watataka kwenda msituni kuyatafuta. Wasiende peke yao. Kasigau iko kwenye mapito ya ndovu kati ya mbuga mbili, na mvua ya vuli ikinyesha wanyama hutawanyika kila mahali penye maji na majani mapya. Hakuna kijamvi wala ganda la mti lenye thamani ya kukutana na ndovu kwenye kichaka saa kumi na mbili jioni. Vitu vyote tunavyotaja hapa vinapatikana uani, jikoni au dukani, na tumevichagua hivyo kusudi.

Gari la waya na mpira wa matambara

Kwa vijana wasiotaka kukaa chini na uzi, kuna gari la waya. Kila kijiji kina kijana mmoja anayelijua, mwombe awafundishe wengine. Waya mwembamba wa kufungia nondo unauzwa kwa kilo hadwea, na mara nyingi fundi wa ujenzi ana vipande vilivyobaki ambavyo angevitupa. Kunja fremu kwanza, halafu boneti, halafu milango. Magurudumu yatoke kwenye kandambili zilizochakaa, yakatwe mviringo kwa kuzungushia kifuniko cha chupa. Usukani uwe kwenye mti mrefu ili dereva akimbie wima. Ombi letu moja: waya wa ua wa shamba usiguswe, hata ule unaoonekana umelegea. Ule unamzuia ndovu.

Mpira ni rahisi zaidi. Zamani watoto waliujaza karatasi za nailoni, lakini tangu marufuku ya 2017 juala zimekuwa adimu, na tunaona ni heri. Kunja fulana zilizochanika ziwe donge gumu, vuta soksi kuukuu juu yake, kisha ufunge kwa kamba ya katani ukizungusha pande zote hadi nyavu itokee. Mpira wa namna hii haurukiruki sana, jambo linalofaa kwa uwanja wenye miiba, ambapo mpira wa dukani hupasuka wiki ya kwanza.

Mti wa Krismasi, kwa wanaosherehekea, usikatwe. Tawi kavu la mgunga lililoanguka, likasimamishwa kwenye debe la mchanga, lina faida ambayo msonobari hauna: miiba yake inashika mapambo bila kufungwa. Nyota za katani, vizibo vya soda vilivyotobolewa na vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani vinatosha kulijaza.

Mabuyu ya jioni

Hii ni ya kila mtu, na ndiyo ambayo huisha kabla ya kupigwa picha. Utahitaji mbegu za mbuyu zikiwa bado na unga wake mweupe, sukari, maji kidogo, rangi ya chakula na iliki. Wengine huongeza pilipili. Chemsha sukari na maji hadi viwe vizito na kunata, tia rangi na iliki, punguza moto, mimina mbegu na ukoroge mpaka kila moja ivikwe. Epua, tandaza kwenye sinia, zipoe.

Shira ya sukari inayochemka huunguza kuliko maji, kwa hivyo mwiko ushikwe na mtu mzima. Kazi ya watoto ni kutwanga iliki, kutandaza zilizopoa na kufunga kwenye koni za karatasi. Kuonja wataonja tu, hata ukikataza.

Ikitokea mtu akataka kununua

Mara nyingi hivi ndivyo inavyoanza. Ndugu kutoka Mombasa amekuja nyumbani kwa sikukuu, ameona vijamvi mezani, anauliza bei. Au msukaji aliyekuwa na kikapu kimoja anapata oda ya vitatu. Hapo hesabu inaanza kuwa muhimu, na hesabu ya kazi za mikono ina shimo moja ambalo watu wengi huanguka: wanahesabu katani, hawahesabu nauli, ada wala siku.

Chukua mfano wetu, wa kubuni, weka namba zako mwenyewe. Kikapu kimeuzwa shilingi 1,500. Katani 200, rangi 100. Umekipeleka Voi kwa nauli ya 300 kwenda na kurudi, ukatoa pesa kwa wakala kwa ada ya 30. Umebaki na 870. Kama kilikuchukua siku kumi, ni shilingi 87 kwa siku.

Sasa peleka vikapu vitatu safari moja. Nauli inakuwa 100 kwa kila kikapu. Ukitoa pesa zote mara moja kwa ada ya 60, ni 20 kwa kila kikapu. Unabaki na 1,080 kwa kila kimoja. Hujaongeza bei, hujasuka haraka zaidi, lakini vikapu vitatu vimekuletea shilingi 630 zaidi. Kwa nyumba yenye watoto wawili shuleni, hizo si pesa za kuchezea.

Sehemu ya sababu ni kwamba ada za kutoa hupangwa kwa madaraja. Kutoa kidogo mara tatu kwa kawaida hukugharimu zaidi ya kutoa mara moja kiasi kilekile. Soma jedwali la ada kwenye menyu ya simu yako kabla ya kwenda kwa wakala, maana madaraja hubadilika. Bora zaidi, usitoe kabisa kama huhitaji. Kama duka unalonunulia unga lina nambari ya till, lipa kwa simu moja kwa moja. Mara nyingi mnunuzi hakatwi kitu.

Kuhusu oda, tunasisitiza arbuni. Mtu anayetaka vikapu vitano kabla ya Krismasi atume angalau gharama ya vifaa kabla hujakata jani la kwanza. Si ukali. Mteja wa kweli hashangazwi na arbuni, na asiye wa kweli hujiondoa mwenyewe mapema, kabla hujakaa na vikapu vitano vyenye majina ya watoto wa mtu mwingine.

Desemba pia ni msimu wa matapeli, na wasukaji ni windo zuri kwa sababu namba zao zimeandikwa kila mahali. Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu anapiga, anataka vikapu kumi, hata bei habishani. Baada ya dakika chache ujumbe unaingia kwamba umepokea pesa, tena nyingi kuliko mlizokubaliana. Anapiga tena, ana haraka, amekosea, tafadhali mrudishie zilizozidi. Ukirudisha, umetuma pesa zako mwenyewe, maana zake hazikuwahi kuingia.

Kwa hivyo usiamini ujumbe, amini salio. Angalia salio lako kwenye menyu kila mara kabla ya kumpa mtu mzigo. Ujumbe wa kweli wa malipo huja kwa jina la kampuni, kwenye mfululizo uleule wa jumbe zako za zamani, wala hautoki nambari ya mtu binafsi. Na hata kama pesa zimeingia kweli kimakosa, usirudishe wewe. Mwambie aliyetuma awasiliane na huduma kwa wateja ili muamala urejeshwe kwa utaratibu. Akikasirika, mwache akasirike.

Kisha kuna simu yenyewe, ambayo likizo nzima iko mikononi mwa watoto. Kijana akipiga picha za vikapu na kuzituma kwa wateja, anakusaidia sana. Akijua PIN, hilo ni jambo lingine. Mkopo wa simu au kamari ya mpira huchukua dakika mbili, na Januari inakukuta ukilipa deni ambalo hukulichukua. Badilisha PIN shule zinapofungwa, na usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, kwa sababu huo anaujua.

Pesa ya mtoto ni ya nani?

Swali hili tunaulizwa, na jibu letu si la kisheria. Mtoto akisuka kijamvi kikauzwa, sehemu iwe yake, na aione. Andika kwenye daftari: vijamvi vingapi, bei gani, vifaa viligharimu nini, kilichobaki ni kiasi gani. Pesa yenyewe ikae kwenye akiba ya simu ya mzazi, mbali na salio la matumizi, na mtoto aonyeshwe salio hilo kila Jumapili. Kalamu za rangi na karatasi za manila ambazo mtaala wa umilisi unazitaka kila muhula zinaweza kutoka hapo. Mtoto aliyejinunulia manila kwa katani yake hataikunja ovyo.

Lakini kuna mpaka. Oda ikizidi nguvu za nyumba, si watoto wa kuimaliza usiku kwa mwanga wa koroboi. Gawa oda na wenzako wa kikundi, au mwambie mteja ukweli kuhusu tarehe. Kama ni kikundi, mwenye kutoa pesa kwa wakala aende na mwenzake, na ujumbe wa muamala usomwe kwenye mkutano kabla ya mgao. Imani ipo, ndiyo, lakini ujumbe uliosomwa kwa sauti huzuia maneno ya Februari.

Kuhusu kutuma mizigo: nauli na ada za vifurushi kwenye mabasi ya Nairobi na Mombasa huelekea kupanda kadiri Krismasi inavyokaribia, na mizigo hukaa. Oda za sikukuu ziwe zimeondoka Maungu au Voi kufikia wiki ya pili ya Desemba. Kubalianeni mapema nani analipia kifurushi, na mara tu kikipakiwa umtumie mteja picha ya risiti pamoja na namba ya basi. Salio la malipo lidaiwe siku hiyohiyo, akiwa bado anakisubiri.